Kisukari: Nani Hasa Anayeharibu Macho, Figo na Miguu?



Wale mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya makala ya hifadhidata, subirini kidogo, inakuja. Leo naweka kompyuta kando (kiasi) nizungumzie kisukari. Na hasa swali moja: yale madhara yanayokuja baada ya miaka mingi, yaani upofu, figo kufa, vidonda vya miguu visivyopona, moyo na kiharusi, yanasababishwa na nini?

Jibu la mitaani mnalijua. "Ni sindano." Huku kwetu Mombasa utaambiwa na watu wenye akili zao timamu kwamba mgonjwa wa sukari akiwa bado yuko kwenye vidonge, yuko salama. Siku akianzishwa insulini, hesabu macho yamekwenda, na baada ya macho ni mguu. Wanaosema hivyo wana mifano. Kila mtaa una mzee wake aliyeanza sindano mwaka huu, na mwaka uliofuata akawa anashikwa mkono kuvushwa barabara.

Kwangu mimi hili si swali la kupitishia wakati barazani. Mjomba wangu ni fundi cherehani, ana kibanda chake Majengo na ameshona hapo zaidi ya miaka 30. Kwa fundi, jicho ni la kutunga uzi na mguu ni wa kukanyagia cherehani. Kisukari cha aina ya pili kiligunduliwa kwake mwaka 2013. Amemeza vidonge, amepunguza wali, ameacha chai ya sukari, amejitahidi kweli. Kisha vipimo vikagoma kushuka, na daktari akamwambia wakati wa insulini umefika. Akakataa.

"Mwanangu," aliniambia, "hiyo sindano ndiyo iliyommaliza rafiki yangu. Nikipoteza macho nitashona kwa kupapasa?"

Lilikuwa swali zuri, na lilistahili jibu zuri. Nikaanza kusoma. Mimi si daktari, tafadhali mlishike hilo. Kazi yangu ni kuandika programu na, mara nyingi zaidi, kutafuta kwa nini programu walizoandika wengine zimekwama. Lakini kutafuta chanzo cha hitilafu ni ufundi wenye kanuni zake, na kanuni hizo zinafaa hapa pia.

KWANZA: KUMBUKUMBU ZA KABLA

Tuseme umeweka toleo jipya la programu Jumanne, na Jumatano mfumo ukaanguka. Ofisi nzima itakutazama wewe. Pengine wana haki. Lakini pengine diski ya seva ilikuwa inajaa tangu mwezi uliopita na hakuna aliyeangalia. Huwezi kujua bila kufungua kumbukumbu za KABLA ya Jumanne.

Niliuliza kuhusu yule rafiki yake mjomba. Macho yake yalipimwa lini kwa mara ya kwanza? Nikaambiwa ni baada ya kuanza kuona ukungu. Yaani miaka yote ya vidonge hakuna aliyewahi kutazama nyuma ya jicho lake. Kumbukumbu za kabla hazipo. Kilichobaki ni toleo jipya (sindano) na mfumo ulioanguka (macho), na tukaunganisha viwili hivyo kwa kamba.

Bahati nzuri kuna watu walioweka kumbukumbu. Uingereza kulikuwa na utafiti mkubwa unaoitwa UKPDS, ulioanza mwaka 1977 na kutoa matokeo yake makuu mwaka 1998. Uliandikisha watu 5,102 ambao kisukari chao cha aina ya pili kilikuwa kimegunduliwa karibuni tu. Karibu nusu yao walikuwa TAYARI na dalili za kuharibika kwa viungo siku ile ya kwanza. Hawajameza kidonge, hawajachomwa sindano. Aina ya pili huja kimyakimya, na mtu anaweza kukaa nayo miaka bila kujua.

Utafiti huo ulionyesha jambo jingine: kongosho huendelea kudhoofika mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana wengi huishia kuhitaji insulini hata kama walifuata masharti yote. Kwa hiyo anayeanzishwa sindano mara nyingi ni yule ambaye sukari imekaa naye muda mrefu. Nilimwambia mjomba hivi: nguo zilizochanika ndizo zinazoletwa kibandani kwako, lakini hakuna anayesema fundi ndiye anayechana nguo za watu.

Alicheka. Hakukubali, lakini alicheka.

UBISHI WA MIAKA SITINI

Msidhani ni mitaa yetu tu iliyochanganyikiwa. Madaktari wenyewe walibishana karibu miaka 60.

Insulini ilipatikana Toronto, Kanada, mwaka 1921, na Januari 1922 kijana wa miaka 14, Leonard Thompson, akawa mgonjwa wa kwanza kudungwa. Kabla ya hapo mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza hakuishi muda mrefu. Insulini ikaja, watoto wakakua, wakawa watu wazima... na baada ya miaka 15 au 20 madaktari wakaanza kuona macho na figo zikiharibika. Mwaka 1936 Kimmelstiel na Wilson walieleza makovu ya aina ya pekee kwenye chujio za figo za wagonjwa wa kisukari. Ukitazama juujuu utasema insulini imeleta ugonjwa mpya. Ukweli ni kwamba zamani hakuna aliyeishi vya kutosha kufika huko.

Ubishi ukawa huu: je, ni sukari yenyewe inayoharibu, au ni kasoro nyingine ya kurithi inayosafiri pamoja na kisukari? Kama ni kasoro ya kurithi, kuhangaika kushusha sukari ni kazi bure.

Swali lilijibiwa kwa jaribio. Marekani na Kanada, kati ya mwaka 1983 na 1993, watu 1,441 wenye aina ya kwanza waligawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapata matibabu ya kawaida ya wakati ule. Kundi la pili likapata insulini mara nyingi zaidi kwa siku na kupima sukari mara kwa mara. Jaribio liliitwa DCCT. Kipimo cha HbA1c (kile ambacho hospitalini wanakiita kipimo cha miezi mitatu) kilikaa karibu asilimia 9 kwa kundi la kwanza na karibu 7 kwa la pili. Miongoni mwa wale walioanza na macho mazima, waliobanwa zaidi walipunguziwa hatari ya kuharibika macho kwa asilimia 76. Madhara ya neva yalipungua kwa asilimia 60. Jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa limeshaonekana.

Angalieni vizuri kundi lililookoka. Ni lile lililodungwa sindano NYINGI ZAIDI. Kama insulini ingekuwa ndiyo mpofushaji, matokeo yangekuwa kinyume kabisa.

SASA, SUKARI INAHARIBU VIPI?

Hapa ndipo mtu wa programu ndani yangu alipoamka. Kwa nini macho, figo na neva? Kwa nini si ngozi ya kiwiko?

Seli nyingi mwilini zina mlinzi mlangoni. Sukari ikizidi kwenye damu, zinapunguza kiasi kinachoingia. Lakini seli zinazotandikwa ndani ya vile vimishipa vidogo vya nyuma ya jicho, seli fulani za chujio la figo, na seli za neva, hazijui kubana mlango vizuri. Sukari ikiwa nyingi nje, inakuwa nyingi na ndani. Ni kama ile programu inayopokea chochote mtumiaji anachoandika bila kuhakiki. Siku za kawaida itafanya kazi vizuri tu. Akija mtu na data ya ajabu, imekwisha.

Ndani ya seli mambo kadhaa hutokea. Nitaeleza mawili.

La kwanza mnalijua kutoka jikoni. Mahamri yakitoka kwenye mafuta yana ile rangi ya kahawia na harufu inayoamsha nyumba nzima. Kinachofanya hivyo ni sukari kushikana na protini, jambo lililoelezwa na Mfaransa Louis Camille Maillard mwaka 1912. Mwili wetu si karai la mafuta, una nyuzijoto 37 tu, kwa hiyo mambo huenda polepole. Lakini protini nyingine hukaa miaka mingi bila kubadilishwa: zile za kuta za mishipa, zile za lenzi ya jicho. Sukari inazishika, zinaungana, zinakakamaa. Mshipa uliopaswa kuvutika kama mpira unakuwa mgumu.

Hata kile kipimo cha miezi mitatu kinatumia jambo hilohilo. Mwishoni mwa miaka ya 1960 daktari Muirani, Samuel Rahbar, alikuta himoglobini isiyo ya kawaida kwenye damu ya wagonjwa wa kisukari. Ilikuwa himoglobini iliyoshikwa na sukari. Seli nyekundu huishi takriban siku 120, kwa hiyo kila moja inabeba rekodi ya sukari iliyopita. Faili la kumbukumbu linaloogelea! Lakini ni wastani, na wastani huficha mengi: mwenye 8 siku zote na mwenye 3 asubuhi na 13 jioni wanaweza kulingana. Tena mwenye ugonjwa wa selimundu seli zake hufa mapema, kwa hiyo kipimo kinaweza kuonyesha nafuu ambayo haipo. Mwambieni daktari kama mnao.

La pili: sukari iliyozidi hugeuzwa na kimeng'enya fulani kuwa sorbitoli. Kazi hiyo inakula akiba ambayo seli ilikuwa inaitegemea kujikinga na kutu ya kikemikali. Kampuni zilitengeneza dawa za kuziba njia hii, zikajaribiwa miaka mingi, na nyingi zikashindwa. Kwa nini? Kwa sababu kuna njia nyingine tatu zinazoharibu kwa wakati mmoja, mojawapo ikiwa ile ya mahamri. (Mbili zilizobaki zina majina marefu, nawaachia mkazitafute.)

Mwaka 2001, katika jarida la Nature, Michael Brownlee wa New York alipendekeza kwamba njia zote nne zina chanzo kimoja. Mitokondria ni jenereta za seli. Ukiijaza jenereta mafuta kupita kiasi hutoa moshi, na moshi huo wa kikemikali unaishia kufunga kituo kimoja kwenye barabara kuu ya kuchomea glukosi. Mnajua Kibarani pakifungwa inakuwaje: foleni inarudi nyuma, magari yanaanza kuchepuka kwenye kila kichochoro. Vichochoro ni vile vinne.

Maelezo haya yalinipendeza sana, kama inavyopendeza kukuta hitilafu nne zinatoka kwenye mstari mmoja wa msimbo. Lakini msikimbilie wauza vidonge vya "kusafisha sumu" wanaowatumia ujumbe kwenye WhatsApp. Vitamini E, ambayo hupambana na moshi wa namna hiyo, ilijaribiwa kwa watu zaidi ya 9,000 katika utafiti wa HOPE uliochapishwa mwaka 2000, zaidi ya theluthi yao wakiwa na kisukari. Haikuzuia mshtuko wa moyo wala kiharusi. Kujua ramani ya hitilafu ni jambo moja, kuwa na kiraka cha kuizibia ni jingine.

MWILI HAUSAHAU

DCCT ilipoisha mwaka 1993, washiriki wote walishauriwa kufuata matibabu ya kubana, na watafiti wakaendelea kuwafuatilia. Baada ya muda vipimo vya makundi yote mawili vilikaribiana, karibu asilimia 8. Ungetegemea na madhara yalingane, sivyo? Hayakulingana. Miaka mingi baadaye wale waliobanwa mwanzoni bado walikuwa na macho na figo bora, na mwaka 2005 ikaonekana hata matatizo ya moyo na mishipa yalikuwa machache kwao kwa asilimia 42.

Wanaofanya kazi na hifadhidata watanielewa. Ukirekebisha hitilafu leo, rekodi zilizoharibika jana hazijirekebishi zenyewe. Ndiyo maana miaka ya kwanza, ile ambayo mtu anajisikia mzima na anasema "sukari yangu ni kidogo tu", ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote.

LAKINI WALE WAZEE HAWAKUOTA

Hapa nawaomba msikilize kwa makini, kwa sababu ndipo mtaa una chembe ya ukweli.

Katika ile DCCT, baadhi ya waliobanwa sukari macho yao yalizidi KIDOGO kuharibika ndani ya mwaka wa kwanza, kabla ya faida kuonekana. Sukari iliyokaa juu muda mrefu ikishushwa haraka, jicho ambalo tayari lina madhara linaweza kutibuka kwa muda. Kwa wengi lilitulia, na baada ya miaka walikuwa mbele sana ya wenzao. Lakini jambo hilo lipo. Kwa hiyo mtu aliyeanza sindano akiwa na macho yaliyokwisha kuharibika bila kupimwa, kisha akaona ukungu miezi michache baadaye, hasimulii ndoto. Alichokosa ni kutazamwa macho kabla ya kuanza, na kutazamwa tena baada ya hapo.

Nilimweleza mjomba hili bila kulificha. Nadhani ndilo lililomfanya aniamini, maana kwa mara ya kwanza mtu alimwambia kwamba rafiki yake hakuwa mwongo. Alikubali jambo moja: apimwe macho kwanza. Tukaenda. Wakamtia matone, wakapiga picha ya nyuma ya jicho, na daktari akatuonyesha kwenye kioo cha kompyuta: vitone vya damu, vidogo kama ncha za sindano, macho yote mawili.

"Na sijachomwa hata moja," mjomba akasema taratibu.

Zile ndizo kumbukumbu za kabla. Alianza insulini ya usiku, dozi ndogo inayopandishwa polepole, na macho yanatazamwa tena kila baada ya miezi michache. Uzi bado anatunga mwenyewe, kwa miwani.

SI SUKARI PEKE YAKE

Msije mkaondoka hapa mkidhani sukari ndiyo mkosaji pekee. UKPDS ileile ilichukua watu 1,148 wenye kisukari na shinikizo la damu. Waliobanwa zaidi walifika wastani wa 144/82, wenzao 154/87. Tofauti hiyo inayoonekana ndogo ilipunguza kiharusi kwa asilimia 44 na madhara ya mishipa midogo kwa asilimia 37. Sigara ipo. Kolesteroli ipo. Urithi nao upo, maana wako watu walioishi na aina ya kwanza zaidi ya miaka 50 bila madhara makubwa.

Na kushusha sukari kuna mpaka wake. Mwaka 2008 jaribio la ACCORD huko Amerika Kaskazini lilisimamisha kundi lililokuwa linalazimisha HbA1c chini ya 6 kwa watu wenye aina ya pili na hatari kubwa ya moyo, kwa sababu vifo viliongezeka. Kila mtu na lengo lake, na lengo hilo anapanga na daktari wake.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka Denmark, utafiti wa Steno-2. Watu 160 tu. Nusu yao walibanwa kila upande kwa pamoja, sukari, shinikizo, mafuta ya damu, chakula na mazoezi, kwa takriban miaka minane. Walipohesabiwa miaka 21 tangu kuanza, kundi hilo lilikuwa limeishi karibu miaka minane zaidi ya wenzao. Hakukuwa na dawa ya ajabu. Walishughulikia mambo yote kwa pamoja, mapema.

Basi, ukiwa na mgonjwa wa sukari nyumbani, uliza haya:

1) Nyuma ya macho yake imetazamwa mwaka huu? Si kusoma herufi ukutani, kutazamwa NYUMA ya jicho.
2) Mkojo umepimwa protini, na damu kuangalia figo?
3) Shinikizo lake ni ngapi?
4) Nani anatazama nyayo zake? Neva zikifa, msumari unaweza kuingia mguuni asihisi. Tazameni kila jioni, katikati ya vidole pia. Asitembee peku.
5) Kama anaanza insulini, macho yamepimwa kwanza?

Andikeni majibu kwenye daftari, pamoja na tarehe. Kalamu na karatasi vinatosha, si lazima iwe kompyuta. Siku kitu kikiharibika, daktari atataka kujua kilianza lini, na tarehe hizo ndizo zitakazomjibu.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, tutazungumzia nakala za akiba. Na nyinyi huko mliko, Kisumu, Lamu, Nakuru, watu wanasemaje kuhusu hiyo sindano? Niambieni.